Uchaguzi wa BMU mwaloni: tufanyeje ili hata walioshindwa wayakubali matokeo?

MwaloWetu

Habari zenu wakuu.

Kamati ya uchaguzi ya mwalo mmoja (mahali mitumbwi ya uvuvi inapotia nanga) huku Ilemela, Mwanza, inaandaa uchaguzi wa mwenyekiti, katibu na mhazini wa BMU, yaani kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi. Daftari lina majina 380: matajiri wenye mitumbwi, wavuvi wanaoingia majini, kina mama wa dagaa, wachuuzi wa sangara, mafundi wa nyavu na mashine.

Uchaguzi uliopita ulikuwa wa kunyoosha mikono. Wahesabuji wawili walitoa idadi mbili, upande mmoja ukatoka mkutanoni, na tangu siku hiyo nusu ya watu hawaji vikaoni. Doria ikikamata kokoro (nyavu haramu ya kukokota), mwenye kokoro anajibu kwamba hao si viongozi wake. Huenda hakuna mkono hata mmoja ulioibwa, ila hakuna kitu cha kumwonesha anayelalamika.

Naomba msaada kwa haya:

1. Wazee wanataka watu wapange mstari nyuma ya mgombea kama wanavyofanya Uganda kwenye vijiji. Wanasema mstari hauibiki. Vijana wanataka kura ya siri.
2. Wavuvi wanahama kambi kila mara. Nani apige kura?
3. Karatasi, sanduku, kuhesabu. Bajeti ni ndogo, laki nne ikizidi sana.

Karani_Mstaafu

Mkuu, nianze na la mstari, maana ukilikosea hilo mengine hayana kazi.

Uganda walipanga mstari kweli kwenye uchaguzi wa vijiji wa Julai 2018. Lakini jirani yetu mwingine aliwahi kufanya hivyo kabla: Kenya, mwaka 1988, ule uliojulikana kama mlolongo. Malalamiko makubwa yalikuwa kwamba aliyekuwa na mstari mfupi alitangazwa mshindi mbele ya macho ya watu. Na ukishatangaza, mstari unatawanyika. Huwezi kuuhesabu tena kesho asubuhi. Wazee wanaosema mstari hauibiki wanasahau kwamba hauhifadhiki pia.

Kuna la pili, na mwaloni ndilo zito. Mvuvi anaingia majini na mtumbwi wa tajiri, nyavu za tajiri, mara nyingi na deni kwa tajiri. Mwambie apange mstari huku tajiri anamtazama, halafu uite uchaguzi. Mitumbwi kumi yenye watu wanne wanne ni kura arobaini za mtu mmoja. Mama wa dagaa anayepewa mzigo kwa mkopo yuko vilevile.

Kwa hiyo kura ya siri, ila hesabu ifanyike hadharani kabisa. Siri iishie pale karatasi inapotumbukia sandukuni. Baada ya hapo kila kitu kifanyike mezani, kwa sauti, mawakala wa wagombea wakiwa hatua mbili kutoka kwenye karatasi.

Giza_na_Mbalamwezi

Tarehe! Msipange siku za giza. Wavuvi wa dagaa wote wako ziwani usiku na mchana wamelala, utapata wachuuzi na matajiri watupu halafu watu wa dagaa waseme wamefungiwa nje. Weka mbalamwezi, siku mbili tatu kabla au baada ya mwezi mpevu, mitumbwi ya dagaa iko nchi kavu. Watu wa sangara wanatega jioni na kutegua alfajiri, hao saa 3 au 4 asubuhi wameshafika na wameshauza.

Na msivuke saa 8 mchana kupiga kura. Alasiri upepo wa ziwani unaingia bandani na karatasi zinaruka. Hesabuni darasani kama shule iko karibu.

Nansio_Kwetu

Naongezea kwenye daftari, kwa sababu ugomvi mwingi wa siku ya kura huwa ulianza wiki tatu nyuma kwenye daftari.

Wekeni tarehe ya mwisho ya kujiandikisha, mfano siku 30 kabla ya kura. Atakayefika mwaloni baada ya hapo ni mgeni kwa uchaguzi huu, hata awe mwema namna gani. Bila hiyo tarehe, mgombea mwenye mitumbwi mingi ataita watu wake kutoka visiwa vya Kome, Maisome au huku Ukerewe, watie nanga siku mbili, wapige kura, waondoke. Hao ni wapiga kura wa kuazima, na kila mtu mwaloni anawajua kwa sura.

Kisha bandikeni orodha yote ukutani, pale dagaa zinapopimwa, kwa siku 14. Siku 7 za kwanza watu waweke pingamizi kwa maandishi: huyu si wa hapa, huyu amefariki, mimi sipo kwenye orodha. Siku 7 zinazofuata kamati ijibu kila pingamizi kwa maandishi na kubandika orodha ya mwisho. Baada ya hapo daftari lifungwe. Jina lisiongezwe asubuhi ya kura, hata la mzee anayeheshimika. Mkimwongezea mmoja, wa pili mtamkatalia kwa hoja gani?

Majina: Usukumani Masanja Mabula wanaweza kuwa wanne mwalo mmoja. Andikeni majina matatu, kundi lake (tajiri, mvuvi, mchuuzi, fundi), na kwa mvuvi namba ya usajili ya mtumbwi anaofanyia kazi. Namba ya simu ibaki kwenye daftari la kamati, isibandikwe ukutani.

Na msigawe meza kwa herufi. Majina ya M peke yake ni karibu nusu ya daftari. Mkiweka A hadi L meza moja, itakaa bure huku nyingine imefurika. Gaweni kwa namba ya daftari: 1 hadi 190 meza ya kwanza, 191 hadi 380 ya pili. Kila mtu ajue namba yake kabla ya siku.

Karani_Mstaafu

Hapo kwenye meza mbili amesema kweli. Meza moja ikienda vizuri inahudumia kama watu 40 kwa saa. Kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 8 mchana ni saa 6, watu 240. Hamtoshi. Meza mbili zinafika 480, na vituturi viwe vitatu, kwa sababu anayechelewa kituturini ndiye anayeziba mlango. Kituturi ni boksi la friji lililokatwa upande mmoja, juu ya meza, mgongo wake ukielekea ukutani ili mtu asipite nyuma. Saa 8 ikigonga, karani asimame nyuma ya mtu wa mwisho kwenye foleni: waliotangulia mbele yake wote wapige.

Mchapaji_Kirumba

Kwenye karatasi, msichape steshenari kwa fotokopi. Chochote kinachotoka kwenye fotokopi kinaweza kutoka tena jioni kwa mtu mwingine. Nendeni kwa mchapaji wa vitabu vya risiti. Anazo mashine mbili mnazozihitaji, ya kupigia namba na ya kutoboa mstari wa kuchania.

Agizeni karatasi 400 (wapiga kura 380 na akiba ya asilimia tano hivi), vitabu 8 vya karatasi 50. Kila karatasi iwe na sehemu tatu: kishina kinachobaki kitabuni, karatasi yenyewe, na kona ndogo ya kuchana juu kulia. Namba ipigwe kwenye kishina na kwenye kona. Kwenye karatasi yenyewe namba isiwepo kabisa, la sivyo mwenye kumbukumbu nzuri atajua nani alimpigia nani.

Kazi ya kona ni hii. Kuna mchezo wa zamani: mtu wa kwanza anapewa karatasi, hatumbukizi, anatoka nayo tupu mfukoni. Nje tajiri anaweka alama, anampa wa pili. Wa pili anaingia, anapokea yake tupu, anatumbukiza iliyokwishawekwa alama, anatoka na tupu. Mnyororo unaendelea mchana kutwa na kila kura iliyonunuliwa imehakikiwa. Kona inauvunja: karani anaandika namba aliyompa mtu, mtu akirudi kutoka kituturini karatasi imekunjwa kona ikiwa nje, karani anaangalia namba ni ileile, anachana kona mbele ya mawakala, ndipo karatasi inaingia sandukuni. Namba ikitofautiana, karatasi hiyo haiingii, na mawakala waandike.

Simu kituturini ni marufuku kwa sababu hiyohiyo. Picha ya karatasi ndiyo risiti ya rushwa.

Nafasi tatu wekeni kwenye karatasi moja yenye mafungu matatu, badala ya karatasi tatu za rangi. Kuhesabu kutachukua muda zaidi, mtapitia rundo mara tatu, lakini sanduku ni moja, kona ni moja, hesabu ya karatasi ni moja.

Picha ya mgombea na alama yake viwepo, wapo wasiosoma. Alama zipatikane kwa kura ya bahati. Uchaguzi wetu wa 1965 kila mgombea alipewa jembe au nyumba. Nyie msimpe mmoja sangara na mwingine gogo, maana mmeshamaliza uchaguzi.

Nyuma ya kila karatasi pigeni mhuri maalumu asubuhi ileile, karatasi inapotolewa. Mhuri ukae kwenye bahasha iliyofungwa na kusainiwa na mawakala wote tangu siku unapotoka kwa fundi.

MwaloWetu

Asante sana, hili la kona hatukuwahi kulisikia. Mkuu Karani, tupe sasa mpangilio wa kuhesabu. Na wakala akikataa kusaini?

Karani_Mstaafu

Sanduku kwanza. Ndoo nyeupe ya lita 20 inayopitisha mwanga, mfuniko ukatwe mpenyo wa kuingia karatasi iliyokunjwa na si mkono. Saa 2 kasoro ipinduliwe mbele ya watu, ifungwe kwa lakiri za plastiki zenye namba, kila wakala aandike namba hizo kwenye daftari lake. Jioni kabla ya kukata lakiri, namba zisomwe tena. Ni kazi ya dakika moja na inazima maneno mengi.

Kabla ya kufungua, malizeni hesabu ya karatasi ambazo haziko sandukuni. Watu wanaruka hatua hii kwa haraka ya kumjua mshindi, halafu pengo likionekana hakuna anayejua limetoka wapi. Pangeni hivi:

Zilizopokelewa: 400
Hazikutumika: 83
Zilizoharibika: 4
Kwa hiyo sandukuni lazima ziwe: 313

Iliyoharibika ni ile mpiga kura aliyokosea akairudisha na kupewa nyingine. Haikuingia sandukuni. Iliyokataliwa ni ile iliyokutwa ndani ikiwa haina alama inayoeleweka. Wengi wanaziweka fungu moja na hesabu inagoma.

Sasa tuseme sandukuni mmekuta 313 lakini daftari lina tiki 315. Msianze kurushiana maneno, hesabuni vishina. Vishina vilivyotolewa vikiwa 317 (313 na 4), karani alitia tiki mbili bila kutoa karatasi, kosa la kalamu. Vishina vikiwa 319 na zisizotumika 81, karatasi mbili zimetoka nje ya chumba. Hilo ni jambo jingine, na kona mbili ambazo hazikuchanwa zitawaambia namba zake. Yote mawili yaandikwe kwenye fomu jinsi yalivyo.

Baada ya hapo zihesabuni zikiwa zimekunjwa. Zikitimia, fungua moja moja: msimamizi anaionesha kwa mawakala, anataja jina kwa sauti, karani anachora vijiti vitano vitano kwenye manila iliyobandikwa ukutani ili walio dirishani waone. Karatasi inaingia kwenye rundo la mgombea. Mwishoni funga mafungu ya 25 kwa rababendi, uhesabu mafungu na kulinganisha na manila. Mkono na ukuta vikitofautiana, rudia rundo hilo peke yake.

Kanuni ya kura ya kukataliwa iandikwe na kusainiwa na wagombea wiki moja kabla, wakati hakuna anayejua itamuumiza nani. Nashauri: vema, msalaba, duara au dole gumba, ikikaa kwenye chumba cha mgombea mmoja tu ni halali. Jina au sahihi ya mpiga kura, ikataliwe. Asiyeona au asiyesoma achague msaidizi wake mwenyewe, na msaidizi huyo amsaidie mtu mmoja tu siku nzima. Wakala haruhusiwi. Tajiri wake pia haruhusiwi.

Fomu ya matokeo ijazwe kwa kaboni, nakala moja kwa kila wakala, moja ukutani, moja kwa afisa uvuvi, moja kwa mtendaji. Tarakimu na maneno: 142, mia moja arobaini na mbili. Ukikosea, piga mstari mmoja, andika pembeni, wote waweke sahihi. Dawa nyeupe ya kufutia isiingie kabisa chumbani. Malawi uchaguzi wa rais wa Mei 2019 ulifutwa na mahakama Februari 2020, na fomu zilizofutwafutwa kwa dawa hiyo zilikuwa sehemu kubwa ya kesi.

Wakala akikataa kusaini, matokeo hayafi. Aandike sababu kwenye fomu hiyohiyo kwa mkono wake, na nakala apewe vilevile. Kumnyima nakala kwa sababu amegoma ndiko kunakomtengenezea hoja. Asipoandika sababu, msimamizi aandike kwamba aliombwa akakataa.

Refa_Ni_Nani

Mnaandika mengi ya karatasi lakini swali ni nani kamteua msimamizi. Mkiwa na kona na lakiri zenu na msimamizi ni shemeji wa mwenyekiti anayetetea kiti, mmefanya bure.

Nansio_Kwetu

Ni kweli, na hata kitaifa hilo limefika mahakamani. Mahakama Kuu mwaka 2019 ilikubali hoja dhidi ya wakurugenzi wa halmashauri kusimamia uchaguzi, Mahakama ya Rufani ikatengua mwaka huohuo, na Mahakama ya Afrika pale Arusha ikaamua upande wa walalamikaji mwaka 2023. Mwaloni mnaweza kulimaliza bila wakili.

Viongozi wanaomaliza muda wasiguse chochote: si daftari, si mhuri, si fedha za uchaguzi. Kila kundi (matajiri, wavuvi, wachuuzi, mafundi) lilete majina matano ya watu wasiogombea. Majina yawekwe kwenye kofia mkutanoni na mtoto achomoe mmoja kwa kila kundi. Wa tano awe mwalimu wa shule ya karibu. Wagombea wapewe siku 3 za kumpinga yeyote kwa sababu inayothibitika: undugu, deni, ajira. Afisa uvuvi awepo kama shahidi na mshauri wa kanuni. Akihesabu kura yeye, lawama zote zitahamia halmashauri.

Na mgombea asitoe petroli, nyavu wala soda kuanzia siku ya kuchukua fomu. Takrima (mgombea kuwakirimu wapiga kura) ilifutwa na Mahakama Kuu tangu 2006, msiirudishe kwa jina la kuchangia safari ya ziwani.

MwaloWetu

Tofauti ikiwa ndogo je? Mfano kura tatu. Turudie uchaguzi mzima?

Karani_Mstaafu

Inategemea pengo lenu la karatasi. Kwenye mfano wangu karatasi mbili hazijulikani zilipo. Mshindi akiwa na 142 na wa pili 117, tofauti ni 25. Hata mbili hizo zote angepewa wa pili, hashindi. Mnatangaza, pengo linabaki kwenye fomu. Tofauti ikiwa 1 na pengo ni 2, hamna mshindi wa kumtangaza, mnarudia nafasi hiyo tu. Sheria ya uchaguzi wa nchi nayo inafuata njia hiyo: kasoro hutengua uchaguzi pale inapogusa matokeo.

Kuhesabu upya ni suala tofauti, hakuhitaji kurudia kupiga kura. Wekeni kwamba tofauti ikiwa ndogo kuliko idadi ya zilizokataliwa, rundo linahesabiwa upya palepale, kabla ya kutangaza, bila mtu kuomba. Kwa mfano huu zilizokataliwa zikiwa 8, tofauti ya kura 7 kushuka chini inahesabiwa tena. Mkisubiri aombe, mtaonekana mnamhurumia au mnamkomoa.

Karatasi zote, vishina na kona, zirudi ndani ya ndoo, lakiri mpya, zikae siku 30 ofisi ya mtendaji wa kata. Malalamiko yapokelewe siku 7 za kwanza, kwa maandishi, yakitaja namba iliyo kwenye fomu inayopingwa. "Tumeibiwa" pekee haina namba ya kufungua.

Mama_Dagaa_Mwaloni

Mimi naomba msisahau baada ya kura. Mwenyekiti akishinda kihalali kisha fedha za mwalo zisisomwe mwaka mzima, imani inakufa vilevile. Kijiji kinatakiwa kuitisha mkutano mkuu kila miezi 3, na nyie fuateni hivyohivyo. Mapato na matumizi yabandikwe pale penye orodha ya wapiga kura: yameingia kiasi gani, kwa risiti namba ngapi hadi ngapi, yametoka kwa kazi gani, salio benki. Waweka saini watatu, mmoja awe mchuuzi. Mikutano iitwe mbalamwezi na saa 9 alasiri. Asubuhi sisi tunaanika.

MwaloWetu

Nimelichukua hilo mama, litaingia kwenye kanuni. La mwisho: wino wa kidoleni tununue?

Mchapaji_Kirumba

Kwa watu 380 wanaojuana na daftari lenye tiki na sahihi, hauna ulazima. Mkitaka, msitumie wino wa mhuri, sabuni ya magadi inautoa kabla mtu hajafika nyumbani. Wino wa uchaguzi una nitrati ya fedha, hushika kwenye kucha na ngozi na kuwa mweusi ukipata mwanga. Lakini mikono ya mwaloni ina mafuta ya samaki na maji, hapo haushiki. Wekeni kitambaa kikavu na spiriti kidogo mezani, kidole kifutwe, kichovywe mpaka kwenye shina la kucha, kisipanguswe mpaka kikauke. Wino uwekwe mwisho, baada ya karatasi kuingia sandukuni. Ukiutangulia, kidole kibichi kitachafua karatasi na mtakuwa na rundo la zilizokataliwa.